Jeli ya kumezea vidonge: miezi saba, vidonge kumi kwa siku

Nimetumia jeli ya kumezea vidonge kwa miezi saba sasa, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Nimemaliza chupa nne na maboksi mawili ya sacheti, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyeonja mara moja akarudisha kijiko. Sitaji chapa. Nimejaribu tatu na ndani zinafanana sana: maji mengi, kitu cha kuganda kinachotokana na mwani au gamu, ladha ya tunda, na kihifadhi kidogo ili isiharibike. Zinatofautiana kwa ladha, kwa uzito wa jeli na kwa namna zilivyofungwa, na kwa mgonjwa kama mimi hayo matatu ndiyo yanayoamua kama kidonge kitashuka au kitabaki mdomoni.

Nina lupasi, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, na yangu imegusa figo, na juu yake nina ugonjwa wa Sjögren, ule unaokausha macho na kinywa. Jina hilo ni la daktari wa macho wa Sweden, Henrik Sjögren, aliyeueleza mwaka 1933. Kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inashambulia tezi za machozi na tezi za mate. Mtu mzima mwenye afya hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku wala hajui, maana anayameza tu. Mimi naamka usiku ulimi umegandana na kaakaa, na inabidi niutoe taratibu kwa maji kabla sijaweza kusema neno.

Kwa siku nameza vidonge kumi. Mikofenoleti, dawa ya kupunguza kinga, ya miligramu 500, viwili asubuhi na viwili jioni, na hivyo ndivyo vikubwa. Haidroksiklorokwini, nayo ya lupasi, ya miligramu 200, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Predinisoloni, ile steroidi, kimoja, cha presha kimoja, cha kalsiamu chenye vitamini D kimoja, na kapsuli moja ya tumbo. Asiyewahi kukaukiwa mate akiambiwa "kunywa na maji" anaona neno limekwisha. Lakini kidonge kikitua kwenye ulimi mkavu hakisogei. Kinanata palepale. Unapiga funda la maji, maji yanapita kushoto na kulia, yanashuka yote, na kidonge umebaki nacho. Unapiga funda la pili, la tatu. Kufikia hapo ganda la juu limeanza kulainika, na haidroksiklorokwini ikishalainika ni chungu kama shubiri. Ule uchungu ukifika nyuma ya ulimi koo linajifunga lenyewe, na sasa hata ungetaka kumeza mwili umekataa.

Nililisema hili kwenye kliniki moja niliyokuwa nikihudhuria zamani. Nikajibiwa, "Wewe mama unadeka tu, mbona chakula unameza?" Sikulisema tena kwa zaidi ya mwaka. Naliandika hapa kwa sababu najua wako wengi waliojibiwa hivyo wakanyamaza, na kunyamaza kwetu kuna gharama yake. Ya kwangu ilikuwa hii: vidonge viwili vikubwa vya jioni nilianza kuviacha. Kwanza siku moja moja, nikichoka kutoka kazini (nafundisha watoto wa darasa la tatu, na kufika jioni sauti na mate vyote vimekwisha), kisha siku tatu kwa wiki. Protini kwenye mkojo, dalili ya figo kuumia, ikapanda. Daktari akatazama majibu, akatazama jalada, akaanza kuzungumzia kuongeza dawa nyingine kwa kuwa hizi zimeshindwa. Dawa hazikuwa zimeshindwa. Zilikuwa kwenye droo.

Kabla ya kusema kweli nilifanya kosa jingine, na hili naomba kila anayesoma alishike. Nilivisaga vile vidonge vya mikofenoleti kwa vijiko viwili, kimoja chini kimoja juu, mezani nyumbani. Vumbi lake jeupe likaruka kidogo. Mdogo wangu alikuwa amekaa meza hiyohiyo, mjamzito wa miezi mitatu, ananiangalia. Mimi sikujua, naye hakujua. Mikofenoleti inaweza kuharibu mimba na kumletea mtoto ulemavu, ndiyo maana imeandikwa kwamba kidonge kisisagwe wala kapsuli isifunguliwe, na unga wake usivutwe wala usiguse ngozi. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, lakini ile miezi sita ya kusubiri sijawahi kuisahau. Kipeperushi kilikuwamo ndani ya boksi. Maandishi ni madogo na macho yangu nayo ni makavu.

Aliyenifungua alikuwa mfamasia, kijana tu. Nilipomwambia vidonge havishuki hakuniuliza kama naogopa. Aliuliza, "Mama, kinakwama wapi? Nionyeshe kwa kidole." Nikaweka kidole mdomoni, juu ya ulimi, katikati. Akatikisa kichwa kwamba ameelewa. Akanieleza kuwa wapo wanaoonyesha kooni, wapo wanaoonyesha kifuani, na kila mahali kuna sababu yake na dawa yake. Akaongeza kwamba anayeonyesha kooni huenda tatizo lake liko chini zaidi, kwa sababu kilichokwama kwenye umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mara nyingi husikika juu kuliko kilipo. Akaniuliza kwanza kama dawa zangu zinapatikana za maji. Mikofenoleti ipo ya maji, miligramu 200 kwa kila mililita, kwa hiyo gramu moja ni mililita tano, kijiko kimoja cha chai kamili. Kwangu haikupatikana kwa wakati ule. Ndipo akatoa chupa ya jeli.

Sasa jeli yenyewe. Ni nzito kuliko maji na nyepesi kuliko uji wa mgonjwa, ukiiinamisha kijikoni inatembea polepole ikiwa kipande kimoja. Maelekezo ya kwenye chupa yanasema weka kijiko cha jeli, tumbukiza kidonge, meza. Kwa kinywa kikavu kama changu hayo hayatoshi. Nilivyofika kwenye kumeza bila shida ni hivi. Kwanza nalowesha kinywa kwa maji, nayazungusha hadi ulimi uteleze, nameza. Kisha naweka jeli nusu kijiko, kidonge juu yake, halafu jeli nyingine juu ya kidonge ili kifunikwe chote. Kona moja ikibaki nje, kona hiyo ndiyo itakayonata. Nakaa wima, kidevu nakishusha kidogo. Zamani nilikuwa natupa kichwa nyuma kama anayetazama dari, nikidhani nakisaidia kidonge kuteremka, kumbe ndivyo nilivyokuwa napaliwa. Naingiza kijiko hadi katikati ya ulimi, nafunga midomo, natoa kijiko kitupu, nameza mara moja bila kutafuna. Baada ya hapo maji, si funda moja, nusu glasi.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo sikusikia kidonge. Nilisikia ubaridi wa jeli ukipita, basi. Nikakaa nimeshika kijiko nikingoja uchungu uanze. Haukuanza. Nikaingiza ulimi pembeni mwa mashavu kukitafuta, hakipo. Niliita mume wangu aje nimwonyeshe kinywa kitupu, nikalia, naye akalia. Sioni haya kuandika hivyo. Kwa miaka miwili meza yetu ya jioni ilikuwa ni mahali pa kugombana juu ya vidonge, yeye akinihimiza, mimi nikimfukuza.

Kwa hiyo kwa kinywa kikavu, jeli inafanya kazi. Kati ya vidonge vyangu kumi, naitumia kwa saba: vinne vikubwa, viwili vichungu, na cha kalsiamu ambacho ni kirefu na kinakwaruza pembeni. Kimoja kwa kijiko kimoja. Niliwahi kuweka viwili pamoja ili nimalize haraka, vikatengana mdomoni, kimoja kikashuka na kingine kikabaki kikinata kama zamani.

Ladha. Chapa ya kwanza ilikuwa na ladha ya tunda chachu, na hapa watengenezaji hawakutufikiria. Mwenye lupasi hupata vidonda mdomoni, na asidi ikigusa kidonda ni moto. Isitoshe, mate ndiyo yanayolinda meno; asiye na mate akijiwekea kitu chachu na chenye sukari mara saba kwa siku, meno yake yanaoza. Soma nyuma ya chupa: tafuta isiyo na sukari na isiyo na asidi ya sitriki kati ya vitu vya mwanzo kwenye orodha. Chapa ya pili haikuwa chachu, ilikuwa tamu ya kuchosha kidogo, lakini haikuniunguza hata wiki niliyokuwa na vidonda vitatu kwenye shavu. Hiyo ndiyo niliyobaki nayo.

Kufungasha ni malalamiko yangu makubwa. Sacheti zimefungwa kwa plastiki ngumu yenye pembe ndogo ya kuchania. Nani atanunua jeli hii? Wengi ni watu wenye magonjwa ya viungo, wenye vidole vilivyovimba asubuhi, wenye vidole vinavyogeuka vyeupe na kufa ganzi vikipata baridi. Mimi ifikapo saa kumi na mbili asubuhi siwezi kubana kitu kwa kidole gumba na cha shahada. Nilikuwa nachana kwa meno, hadi jino moja la mbele likamega. Sasa nina mkasi mdogo kwenye pochi, naufungia pamoja na sacheti. Chupa yenye pampu ni bora mara kumi: unaiweka mezani, unaikandamiza kwa kiganja, jeli inatoka. Ila pampu ina ubaya wake, jeli inayobaki mdomoni mwa bomba hukauka usiku na kuwa kipande kigumu, na kikiingia kijikoni kinatibua yote. Kila asubuhi tone la kwanza nalifuta kwa karatasi laini. Na chupa ikishafunguliwa ina siku zake zilizoandikwa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifuniko, usitegemee kukumbuka.

Uzito wa jeli nao. Chapa ya tatu ilikuwa nzito mno, ukiimeza unahisi imesimama. Ukumbuke pia kwamba kitu kizito kinachozunguka kidonge kinaweza kukichelewesha kuyeyuka, ndiyo sababu ya ile nusu glasi ya maji baadaye na ndiyo sababu ya kumuuliza mfamasia kuhusu kila dawa kwa jina lake, usiseme tu "dawa zangu".

Maana ziko dawa zisizotaka jeli kabisa. Alendroneti, ile ya mifupa ambayo wengi tunapewa kwa sababu predinisoloni inakula mifupa, humezwa kwa glasi nzima ya maji matupu, tumbo likiwa tupu, na baada yake hukai kitandani wala huinami kwa nusu saa. Ikikwama kwenye umio inachoma na kuacha kidonda. Ukiizungushia jeli umeharibu masharti yake yote. Vidonge vya kuyeyusha chini ya ulimi navyo havihusiani na jeli. Na jeli haikupi ruhusa ya kusaga: methotrekseti na azathiopurini, dawa nyingine za kupunguza kinga, zisisagwe, yenye ganda la kupita tumboni isisagwe. Kwa methotrekseti ipo sindano na ipo ya maji, uliza.

Ninalotaka kulisema kwa mkazo zaidi ni la rafiki yangu. Tulijuana kliniki, yeye ana skleroderma, ugonjwa unaokaza ngozi na kugusa hata viungo vya ndani. Nilipoona jeli imenisaidia nilimpelekea chupa nzima kama zawadi, nikamwambia, "Dada, hii imeniokoa." Baada ya wiki akanipigia, sauti iko chini: "Kinywani kinapita vizuri. Halafu kinakaa hapa." Hakuhitaji kunieleza hapa ni wapi, nilijua ameweka mkono katikati ya kifua. Kwenye skleroderma misuli laini ya sehemu ya chini ya umio inadhoofika, haisukumi tena, na ule mlango wa kuingilia tumboni unalegea, asidi inapanda. Kidonge chake hakinati kwa ukavu. Kimefika mahali ambapo hakuna wa kukisukuma. Jeli ilikitelezesha hadi palepale kilipokuwa kikikwama siku zote, na mara moja kilikaa usiku kucha, akaamka na maumivu ya kumeza yaliyodumu siku nne. Nilijisikia vibaya sana. Kilichomsaidia yeye ni kipimo cha kunywa bariamu, maji meupe yanayoonekana kwenye eksirei, huku akipigwa picha, kisha daktari kumbadilishia dawa mbili ziwe za maji, kumpa dawa ya asidi, na kumkataza kumeza chochote akiwa anakaribia kulala. Saa moja kabla ya kitanda vidonge vimekwisha, na maji tele.

Wenye mayastenia gravis nao wana lao. Kwao misuli yenyewe ya koo inachoka kwa kutumika, asubuhi wanameza vizuri na jioni wanapaliwa hata na mate. Kwa mtu huyo saa ya kumeza ina maana kuliko kitu cha kumezea, na anayepaliwa au maji yakitokea puani asijaribu jeli kwa kusoma maoni yangu. Aende kwa mtaalamu wa umezaji kwanza, kwa sababu jeli yenye kidonge ikienda njia ya hewa ni hatari.

Hata mimi jeli ilinipumbaza mara moja. Mwezi wa tano kumeza kulianza kuuma, si kunata, kuuma. Nikalaumu ladha, nikabadilisha chupa, nikavumilia wiki mbili. Mwisho daktari akamulika tochi akaona madoa meupe hadi nyuma: fangasi, wanaopenda kinywa kikavu na wanaopata nafasi tukitumia predinisoloni na dawa za kupunguza kinga. Dawa ya fangasi ikamaliza tatizo. Kama kumeza kunauma, kama chakula nacho kinakwama, kama uzito unapungua, tatizo si kidonge na jeli haina kazi hapo.

Kwa vile vitatu vyangu vilivyobaki, vidonge viwili vidogo na kapsuli moja, situmii jeli. Natumia njia mbili zilizojaribiwa na watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, kwa watu 151, wakachapisha mwaka 2014. Kwa kidonge: chupa laini ya plastiki iliyojaa maji, kidonge juu ya ulimi, midomo imebana mdomo wa chupa, unavuta maji kwa kunyonya na kumeza papo hapo bila kuingiza hewa. Kwa kapsuli: maji mdomoni, kidevu kifuani, meza ukiwa umeinama. Kapsuli ni nyepesi, inaelea. Ukiinama mbele inaelea kuelekea kooni, ukitupa kichwa nyuma inabaki mbele kwenye meno. Kwenye utafiti huo njia ya chupa iliwasaidia karibu watu 60 kati ya 100 na ya kuinama karibu 89 kati ya 100. Kapsuli yangu ya tumbo sasa inashuka kwa funda moja. Kwa vidonge vikubwa njia ya chupa ilinishinda, kwa sababu kidonge kinakuwa kimeshanata kabla sijaanza kunyonya.

Nimejaribu pia kile kikombe chenye kidaraja cha kuwekea kidonge karibu na mdomo. Kwa kinywa chenye mate huenda kinafaa. Kwangu maji yalikuja, kidonge kikakwama kwenye kidaraja chenyewe. Nilikitoa kwa mtoto wa jirani.

Chupa yenye pampu, isiyo chachu, isiyo na sukari: naipa nyota nne kati ya tano kwa mwenye kinywa kikavu. Sacheti: mbili, hadi watakapoweka pembe inayochanika kwa vidole vyetu. Kwa anayeonyesha kifuani sitoi nyota yoyote, namwomba arudi kwa daktari na aweke kidole palepale panapokwama.

Protini yangu imeshuka kwa vipimo viwili mfululizo, na ile dawa ya kuongeza haikuongezwa. Mikofenoleti ya maji nimeahidiwa mwezi ujao. Ikija nitabaki na vidonge sita, na jeli nitahitaji kwa vitatu tu.